Kifaransa na Samaki wa Kigombe

Kijana aingiapo shule ya sekondari hukuta masomo ya lazima na masomo ya hiari, na katika hayo ya hiari, penye shule iliyobahatika kumpata mwalimu wake, Kifaransa nacho kimo. Hapo ndipo mzazi aulizapo: Mtoto wa mvuvi wa Kigombe, Kifaransa chamfaa nini? Kiingereza ndicho anachofundishiwa masomo mengine, Kiarabu anakisoma madrasani, na Kiswahili alikinyonya kwa mama yake. Je, huku si kumtwika mzigo asiokuwa na pa kuutua?

Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kusema tu kwamba elimu ni bahari. Na tulijibu kwa jambo lililo mbele ya macho ya watu wa Kigombe wenyewe.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi, baina ya Tanga na Pangani. Tangu mwaka 2004, katika bahari ya Tanga, nyavu za jarife zinazotegwa kilindini kwa ajili ya papa zimepata kunasa samaki mkubwa wa rangi ya buluu iliyoiva, mwenye madoa meupe, na mapezi yake yana nyama kama viungo vya mnyama. Jina lake ni silikanti. Wataalamu walidhani ametoweka duniani yapata miaka milioni 66 iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja huko Afrika ya Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na Kigombe ni miongoni mwa vijiji vyake.

Sasa sikilizeni habari ya silikanti wa pili. Bwana J. L. B. Smith, mtaalamu aliyemtambulisha yule wa kwanza, alitamani sana kumpata mwingine. Akachapisha tangazo lenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, akaliandika kwa lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno, kwani pwani yetu hii ilikuwa imegawanywa baina ya wenye lugha hizo. Tangazo likafika Visiwa vya Komoro, vilivyokuwa chini ya Ufaransa. Mwezi wa Desemba 1952 mvuvi wa Nzwani, Ahamadi Abdallah, akamvua samaki huyo kwa mshipi, akampeleka sokoni Domoni kama samaki mwingine yeyote. Wenyeji walimjua siku zote, wakimwita gombesa. Thamani yake ndiyo hawakuijua. Lakini palikuwapo mwalimu wa shule aliyekwisha kuliona lile tangazo. Akamtambua. Samaki akanusurika kisu, akachukuliwa mpaka Mutsamudu, upande wa pili wa kisiwa, na Bwana Smith akamfuata kwa ndege.

Baada ya hapo Wafaransa waliwazuia wageni wasichunguze samaki huyo, wakaishika kazi hiyo wao wenyewe. Wataalamu wao Jacques Millot na Jean Anthony walimpasua na kumwandikia vitabu vikubwa vitatu, vya mwaka 1958, 1965 na 1978, na vyote ni vya Kifaransa. Tazameni basi, ndugu wasomaji: Mkomoro ndiye aliyemvua, Mkomoro ndiye aliyemtambua, lakini maarifa yakakaa katika lugha ya mwenye kalamu. Kijana wa Kigombe atakaye kujua moyo na ubongo wa samaki wa bahari ya baba yake umejengwaje, atakuta mengi yameandikwa kwa Kiingereza, lakini msingi wake umewekwa kwa Kifaransa.

Wala si habari ya samaki peke yake. Komoro, jirani zetu wa bahari, lugha zao rasmi ni Kikomoro, Kiarabu na Kifaransa. Udugu wetu nao haukuanza leo: Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija. Kongo, iliyoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, huendesha serikali yake kwa Kifaransa, na Burundi hukitumia pia. Na bomba la mafuta lililokusudiwa kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, mwenye hisa kubwa ni kampuni ya Kifaransa.

Wako wazee wanaochelea kwamba lugha hii itamtoa mtoto katika mwendo wake. Hofu hiyo twaiheshimu. Lakini Waislamu wa Senegali wamesoma shule kwa Kifaransa miaka mingi, na misikiti yao imejaa. Mwaka 1959 mwanachuoni Muhammad Hamidullah alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kifaransa. Lugha ni jahazi: huulizwi jahazi, huulizwa shehena, na nahodha ndiye ajibuye.

Tena mtoto wa pwani haanzi mikono mitupu. Mfaransa hugawa majina yake kwa kiume na kike. Aliyesoma Kiarabu hashangai, na aliyezoea ngeli za Kiswahili amekwisha kuzoea kupatanisha maneno. Sukari Mfaransa huiita *sucre*, na tarakimu huiita *chiffre*, neno lililotoka katika Kiarabu kilekile kilichotupa sifuri. Taabu ipo katika herufi zisizotamkwa: *temps*, yaani wakati, huandikwa kwa herufi tano na masikio husikia sauti mbili tu, moja ikipitia puani. Ipo pia katika hesabu, kwani themanini kwao ni «ishirini nne», na tisini ni «ishirini nne na kumi». Dawa yake ni ileile ya madrasani: kidogo kila siku, kwa sauti, na kurudia cha jana kabla ya kushika cha leo.

Wazazi nao wana wajibu wao. Msimchagulie mtoto Kifaransa kwa fahari, wala msimkataze kwa hofu. Binti apewe nafasi sawa na ndugu yake, na asiondolewe kitabuni kila sufuria inapochemka.

Na wewe kijana utakayekisoma, usikifanye pambo la kujitenga na wenzako. Yule mwalimu wa Komoro hakusifiwa kwa kujua, bali kwa kusema alichokijua, sokoni, mbele ya wavuvi, kabla kisu hakijashuka. Kila ukurasa utakaoufahamu, urudishe kwa Kiswahili pale wanapoanika nyavu wazee wako. Wao ndio wanaokutana na samaki yule; ni haki yao kujua yaliyoandikwa juu yake.