Bega Bovu, Picha Safi

Dereva wa bodaboda anateleza na kuangukia bega. Anapigwa eksirei siku hiyohiyo: hakuna mfupa uliovunjika. Anapewa dawa za maumivu na kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni. Miezi minne baadaye hawezi kulalia upande ule, na kuvaa shati kumekuwa kazi.

Eksirei haikudanganya. Iliulizwa habari za mfupa, ikajibu za mfupa. Lakini bega hushikiliwa zaidi na nyama kuliko mifupa: kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kishimo chenye kina kifupi, mithili ya chungwa juu ya kisahani, na misuli minne ndiyo inayokizuia kisiporomoke. Kano za misuli hiyo zikichanika, eksirei haizioni.

Kwa hiyo mpimaji mzuri huanza na mikono yake. "Inua mkono mwenyewe." Kisha: "Sasa legeza, nikuinulie mimi." Mgonjwa akishindwa mwenyewe, lakini mkono ukapanda vizuri ukiinuliwa, hushukiwa kano iliyochanika au neva iliyoumia. Ukigoma hata kwa kuinuliwa, na hasa ukikataa kugeukia nje, huenda kiungo chenyewe kimekaza. Hili ndilo bega lililoganda, jina alilolipa Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, mwaka 1934. Huwaandama zaidi wenye kisukari, kwa hiyo kupima sukari hapa si kupoteza muda.

Ila pana mtego. Bega lililoteguka kwa nyuma, mara nyingi baada ya degedege au kupigwa na umeme, nalo hukataa kugeukia nje, na kwa picha ya mbele peke yake huweza kumpita daktari. Ipigwe na ya upande.

Maumivu yakishuka hadi vidoleni pamoja na ganzi, ipimwe shingo.

Na MRI, picha inayoonyesha hata kano? Ni ghali, na wazee wengi wana kano zilizochanika bila kuumwa popote, hivyo picha bila mikono huweza kumshtaki asiye na kosa. Altrasaundi, ikishikwa na mjuzi, huona mchaniko mkubwa kwa bei nafuu.

Kama umepita miaka 40, bega liliteguka likarudishwa, na wiki kadhaa baadaye bado huwezi kuinua mkono, usikubali kuongezewa vidonge tu. Msuli uliokatika kano husinyaa na kugeuka mafuta, na ukifika hapo, kushona mara nyingi hakurudishi nguvu.