Moyo Unaopapatika: Maradhi Yenye Tiba na Ruhusa ya Sheria



Katika nyumba zetu za Magarini, kuanzia Mambrui na Gongoni hadi Marafa, mama akilalamika kwamba moyo wamwenda mbio na pumzi zamkatika, wapo watakaosema ana pepo, na wapo watakaosema ni fikira tu. Kisomo na dua havikatazwi. Lakini mapigo ya moyo yasiyo na mpango ni maradhi yanayojulikana, na kuchelewa kuyatibu ni hatari.

Vyumba viwili vya juu vya moyo, badala ya kujikaza kwa utaratibu, hupapatika. Damu huzubaa humo, ikaganda, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Hatari hiyo kwa mgonjwa ni kama mara tano ya ile ya mtu asiye na maradhi haya. Kwa wazee, sababu kubwa ni shinikizo la damu. Kwa vijana wa Afrika Mashariki, hasa wanawake, mara nyingi chanzo ni homa ya baridi yabisi iliyoharibu vali za moyo baada ya maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa.

Tiba ina nguzo mbili: dawa za kutuliza mapigo, na dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarini. Asiidharau mtu kwa kuwa ni ya kale na ya bei nafuu. Mwaka 2022 ulitangazwa utafiti wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Latini, kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi. Waliotumia dawa za jamii ya warfarini walifariki wachache kuliko waliopewa dawa mpya ya rivaroksabani.

Hata hivyo, warfarini yataka uangalizi. Kipimo cha damu kiitwacho INR aghalabu hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikipungua damu huganda, kikizidi hutoka ovyo. Mchicha na kisamvu si haramu kwa mgonjwa, ila ale kwa kiasi kisichobadilika. Aspirini, mitishamba na kuumikwa visifanywe kabla ya kumuuliza daktari. Na mke anayetarajia kushika mimba amweleze daktari mapema, kwani warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Ama saumu, asiache mtu dawa kwa ajili ya Ramadhani. Warfarini hunywewa mara moja kwa siku, na daktari aweza kuipanga baada ya futari. Akiambiwa kufunga kutamdhuru, ruhusa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185: anayetarajiwa kupona atalipa siku nyingine, na asiyetarajiwa atatoa fidya ya kumlisha maskini.

Mkimwona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno hayatoki sawa, msingoje kupambazuke. Mkimbizeni hospitali saa ile ile.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.