Makaburi ya Vita ya Tanga na Misa Tatu za Tarehe 2 Novemba

Kila tarehe 2 Novemba, Mama Kanisa anapowakumbuka Marehemu Waamini Wote, padre anaruhusiwa kuadhimisha Misa tatu. Wengi tumelizoea jambo hilo bila kujua kwamba ruhusa hiyo, kwa Kanisa zima, ilitokana na vita. Baba Mtakatifu Benedikto XV aliitoa tarehe 10 Agosti 1915, akiguswa na wingi wa watu waliokuwa wakifa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kufika kwetu. Tarehe 2 Novemba 1914, siku hiyohiyo ya Marehemu, meli ya kivita ya Waingereza iitwayo Fox ilifika mbele ya mji wa Tanga na kudai usalimishwe. Usiku askari wakaanza kushuka Ras Kasone. Kikosi chao kilikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Waliowakabili, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, hawakuzidi sana 1,000. Wengi wao walikuwa askari Waafrika, na baadhi yao waliletwa kwa reli kutoka upande wa Moshi. Tarehe 4 mapigano yaliingia hadi mitaani. Nyuki nao walichafuka wakawashambulia watu, ndiyo maana wapo wanaoviita Vita vya Nyuki. Jina hilo huchekesha, lakini upande wa Waingereza peke yake ulihesabu zaidi ya watu 800 waliokufa na kujeruhiwa, kabla ya kurudi melini tarehe 5.

Makaburi ya pande zote mbili yangalipo Tanga. Anayeyatembelea asitazame tu majina yaliyoandikwa, bali ajiulize pia ni nani aliyeliweka jiwe, na ni nani hakutajwa. Kwa maana jeshi halikutembea lenyewe. Vita viliendelea hadi Novemba 1918, na mizigo yake ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, walioandikishwa kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wakafa kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa jijini humo mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jina. Mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Wapo waamini wanaouliza: kwa nini tuwaombee watu waliopigania wakoloni? Swali hilo si la kupuuzwa, na sisi hatuwaiti mashujaa wa taifa. Lakini tusome Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda alipokwenda kuwazika askari wake, alikuta chini ya nguo zao hirizi za miungu iliyokatazwa na Sheria. Hakuwaacha. Alichangisha fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao. Sala kwa marehemu haitolewi kama tuzo ya mwenendo mwema. Yenye hatia ndiyo hasa tunayoiombea huruma. Na katika Sala ya Ekaristi Kanisa huwakabidhi kwa Mungu hata wale ambao imani yao yeye peke yake aliijua. Humo wamo Wahindu, Masingasinga na Waislamu waliolala Tanga.

Kati ya Misa zile tatu, moja padre anaweza kuitolea nia maalumu. Ya pili ni kwa ajili ya marehemu waamini wote, na ya tatu kwa nia za Baba Mtakatifu. Hivyo basi, katika jumuiya ndogo ndogo, waulizeni wazee mapema: katika ukoo wenu, ni nani aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi? Leteni jina lake parokiani. Likiwa limesahaulika, andikeni tu “babu yetu mpagazi” na kijiji alikotoka, nasi tutalisoma hivyo hivyo altareni.