Mtihani Unaopandisha Kamba

Mwezi huu tunaongea na vijana wetu waliomaliza chuo, pamoja na wazazi na ndugu wanaowachangia.

Binti wa kaka yangu anaishi Bujumbura, mtaa wa Mutanga Nord. Amemaliza chuo na sasa anatafuta nafasi ya shahada ya pili ng'ambo. Chuo anachokitaka kinadai mtihani wa GRE, na ada yake inapita dola 200. Sisi ndugu tukaanza kuchanga, kila mmoja alichokuwa nacho.

Jumapili moja akanipigia simu analia. "Baba mdogo, msitume hiyo pesa. Nimefanya mtihani wa mazoezi. Hesabu za kwanza niliziweza, za pili zilikuwa mawe matupu. Nikafunga kompyuta, hata alama sikungoja."

Mimi hesabu zangu ni za kupima maharage tu. Nikamwendea mwalimu mmoja hapa kambini. Aliponisikiliza akacheka. "Hizo za kwanza alizipata nyingi? Basi hajashindwa. Kompyuta imempandishia kamba."

Kamba gani tena?

Mnaujua mchezo wa watoto wa kuruka kamba. Inaanza kwenye vifundo vya miguu. Ukiruka, inapanda kwenye magoti, kisha kiunoni. Aliyekwama kiunoni si sawa na aliyeruka ya vifundoni mara kumi, hata kama huyu wa pili hakuanguka kabisa.

GRE ndivyo inavyofanya, tangu mwaka 2011. Lugha ina sehemu mbili na hesabu zina sehemu mbili. Kwa mtihani mfupi ulioanza Septemba 2023, sehemu ya kwanza ina maswali 12, ya pili 15. Kompyuta inatazama ulivyofanya ile ya kwanza, ndipo inakuchagulia ya pili: ukifanya vizuri unaletewa ngumu, ukifanya vibaya unaletewa nyepesi. Kwa hiyo sehemu ya pili ikikutoa jasho, mara nyingi ni habari njema.

Alama zinahesabiwaje?

Kwanza yanahesabiwa maswali uliyopata. Ndani ya sehemu moja yote yana uzito sawa, gumu na jepesi. Kisha hesabu hiyo inageuzwa kuwa alama kati ya 130 na 170, huku ugumu wa maswali uliyopewa ukitiliwa maanani. Ndiyo maana wawili wanaweza kupata maswali sawa kwa idadi na alama zikatofautiana. Insha ina alama zake peke yake, 0 hadi 6.

Hapa wazazi tusidanganyike. Alama 150 si asilimia 88, maana kuhesabu kunaanzia 130, si sifuri. Hiyo 150 ni katikati tu. Kwenye karatasi ya matokeo tazama pia asilimia iliyoandikwa kando: inaonyesha ni watu wangapi katika mia umewapita.

Ndugu yake GRE ni GMAT, unaotakiwa na shule nyingi za biashara. Huo kamba yake inapanda na kushuka swali kwa swali. Alama zake za jumla ni kati ya 205 na 805, na kuacha maswali ya mwisho bila kujibu kunakushusha.

Shika haya matatu

Moja: kwenye GRE kosa halikatwi alama. Usiache swali wazi, hata kama ni kubahatisha. Ukikwama ruka, urudi kabla sehemu haijaisha. Ikishaisha, hairudiwi.

Mbili: usikae unapima kama maswali ni magumu au mepesi. Hiyo kazi ni ya kompyuta. Wewe jibu lililo mbele yako.

Tatu: kabla ya kulipa hata senti, kiulize chuo kama kweli kinataka mtihani huo. Vyuo vingi vimeacha kuudai, hasa tangu mwaka 2020. Vingine vinataka mtihani wa Kiingereza tu. Na ukishaufanya GRE, matokeo yanadumu miaka 5, kwa hiyo usikimbilie kabla hujajiandaa. Wenye mtihani wanatoa majaribio mawili ya bure kwenye intaneti, yatumie.

Jioni ile nikampigia binti yetu, nikamweleza habari ya kamba. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo, baba mdogo, nilikuwa nalia kwa sababu nimefanya vizuri?"

"Ulilia kabla ya kumaliza," nikamjibu.

Juma lililofuata akakaa na jaribio la pili mpaka mwisho, akajibu yote. Alama atazisema mwenyewe akitaka. Sisi pesa tumetuma.