Roboti na Vihisi katika Usafi wa Banda la Kuku

Amonia, gesi inayochoma macho na pua za kila anayeingia katika banda lisilopitisha hewa vizuri, haitoki moja kwa moja mwilini mwa kuku, bali hutokea pale bakteria wanapoivunja asidi ya yuriki, yaani taka ya nitrojeni ambayo ndege huitoa pamoja na kinyesi. Bakteria hao hushamiri maranda ya sakafuni yanapolowana, na gesi inapozidi huunguza njia ya hewa ya kuku na kudhoofisha kinga yake dhidi ya virusi vya mdondo na maradhi mengine ya kifua. Kwa hiyo kutakasa banda huanza kwa kukausha maranda, kabla dawa yoyote haijafikiriwa.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 kuhusu kuku wa nyama inataka amonia, katika mabanda yenye msongamano mkubwa, isizidi sehemu 20 katika sehemu milioni moja za hewa, na kipimo kichukuliwe katika usawa wa vichwa vya kuku. Sharti hilo la mwisho ni la busara sana, kwa kuwa kihisi kilichotundikwa juu hupima hewa anayovuta mhudumu, si ile anayovuta kifaranga. Hapo ndipo roboti inapoonyesha thamani yake. Nchini Ufaransa, kampuni ya Octopus Robots ilibuni mashine inayotembea taratibu katikati ya kuku, ikiyachambua maranda ili yapate hewa na kukauka, huku ikipima joto, unyevu na amonia, na ikiweza kupulizia dawa kwa ukungu mwembamba. Vipimo vya namna hiyo vikikusanywa pamoja na mahali vilipochukuliwa, mfugaji hupata ramani inayomwonyesha kona iliyolowa, pengine chini ya chombo cha maji kinachovuja, ambako tiba ya kweli ni kuziba tundu.

Banda likishaondolewa kuku, dawa kali huweza kutumika, lakini nyingi hupoteza nguvu zikikutana na kinyesi, hivyo kuosha hutangulia. Fomaldehidi, iliyozoeleka kwa kufukiza mabanda, ilitambuliwa mwaka 2004 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, jambo linalotosha kutaka mhudumu akae mbali na mvuke wake. Mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 254 huharibu vinasaba vya vijidudu bila kuacha masalia ya kemikali, ila haipenyi vumbi wala haifiki kivulini, na hufifia haraka kadiri taa inavyokaa mbali. Taa inayobebwa na roboti karibu na ukuta hupunguza udhaifu huo, ingawa mayai ya koksidia, vimelea vinavyowafanya kuku waharishe damu, hubaki sugu kwa dawa nyingi.

Vihisi vya amonia vya kikemikali navyo huchakaa vinapokaa ndani ya gesi mfululizo, na kihisi kisichorekebishwa hudanganya kwa utulivu. Zaidi ya hayo, roboti inayohamishwa kutoka banda moja hadi jingine huweza kubeba kinyesi chenye virusi kwenye magurudumu yake, kwa hiyo ni lazima ioshwe na kutiwa dawa kila inapovuka mlango, au kila banda liwe na yake.