Baba Katika Chumba cha Upasuaji

Baba huuliza: “Sista, mke wangu akipasuliwa kumtoa mtoto, naweza kuwa naye?” Kwa miaka mingi wengi wetu tulijibu hapana, bila maelezo. Tuliogopa vijidudu, ufinyu wa chumba, na baba kuzimia akiona damu. Tena, tuseme kweli, hatukupenda kutazamwa tukiwa kazini.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu na kujifungua. Kwenye upasuaji, hospitali hazina utaratibu mmoja.

Mama aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni huwa macho na husikia kila neno. Baba akivaa gauni, kofia na barakoa, akaketi kichwani pa mama, pazia humzuia kuona panapopasuliwa. Hagusi chombo chochote. Kazi yake ni kumshika mkono. Akisikia kizunguzungu aseme mara moja, hatutamcheka.

Mama akipewa nusukaputi, au hatari ikizuka ghafla, baba husubiri nje. Hapo msituone wakali. Ulizeni mapema, siku ya kliniki, mkiwa wawili.