Muvi Bila Matanga

Wasee, pigeni hii hesabu. First Blood, ile Rambo ya kwanza kabisa ya 1982, mtu mwenye tunamwona akidedi kwa skrini ni mmoja. Mmoja tu. Ni karao mnoma anaitwa Galt, yuko ndani ya chopa akimlenga Rambo na bunduki. Rambo anarusha jiwe, chopa inayumba, Galt anaenda chini. Na muvi ikikaribia kuisha, Rambo hapigi kifua. Analia. Analilia mabeshte wake wa Vietnam mpaka maneno hayatoki poa, halafu anakubali kushikwa.

Sasa ruka hadi Rambo ya 2008, ile ya Burma. Wale wasee wera yao ni kuhesabu maiti za muvi wanaweka zaidi ya mia mbili. Staa ni yuleyule, Sylvester Stallone, na safari hii yeye ndiye dairekta. Kati ya huyo mmoja na hao mia mbili, nini ilihappen? Na sisi tulikuwa kwa benchi ya kibanda cha muvi tukipiga nduru "maliza yeye!", sisi nini ilitufika?

Hebu tubonge.

Pati 2 lazima ipite pati 1

Kulikuwa na profesa wa Marekani, George Gerbner, mwenye alikula miaka mob akisoma venye TV na muvi zinachezea watu akili. Huyo buda alichukua sikweli za wakati wake akahesabu miili. RoboCop, 32. RoboCop 2, 81. Die Hard, 18. Die Hard 2, 264. Hiyo ya mwisho hujaisoma vibaya. Kuna ndege nzima ya abiria inadanganywa na magaidi ianguke, na inaanguka.

Die Hard ndio mfano mtamu, juu inaonyesha venye mambo huharibika polepole. Ile ya kwanza, ya 1988, John McClane ni karao wa kawaida, hana viatu, anakanyaga glasi. Muvi inasimama. Anaketi kwa choo akitoa vipande kwa mguu mmoja mmoja, akibonga kwa redio na karao mwenzake yuko nje, na wewe mguu wako unawasha. Mtu akipigwa hapo, unaskia. Pati 2 ya 1990, wasafiri wote wa ile ndege wanachomeka, McClane analia kidogo kwa baridi, anaokota kidoli kimeungua, halafu mchezo unaendelea. Mwisho wa muvi anamkumbatia bibi yake na Krismasi iko fiti. Hao abiria hakuna mwenye anawakumbuka tena. Kufika 2007, yule msee wa kukatwa na glasi anapigana na ndege ya kivita na anatoka akichechemea tu.

Mbona iende hivyo? Ni biashara. Ukikuja kucheki pati 2 tayari unajua staring hafi, juu si uko na pati 3 kwa njia? Mshtuko wa stori umeisha, kwa hivyo wanakuongezea mshtuko wa idadi. Ukipenda kumi, kula thelathini.

Halafu kuna soko. Gerbner alisema kitu moja poa sana: vurugu haihitaji mtafsiri. Mzaha wa New York lazima mtu akueleze ndio ucheke, lakini ngumi inaeleweka Manila, inaeleweka Cairo, inaeleweka Kayole. Ndio maana Arnold Schwarzenegger aliingia kila kibanda cha muvi Afrika Mashariki bila hodi. Nani alihitaji Kizungu ndio aelewe Commando?

Na kuna ile janja yenye wengi hawajashtukia. Mwaka wa 1984 Marekani walianzisha daraja la PG-13, yaani mtoi anaweza kuingia bora mzazi ajue kuna vitu ngumu. Studio zikaona doo. Ukitaka watoi wajae ndani, toa damu, wacha risasi. Utafiti wenye ulitoka 2013 kwa jarida la Pediatrics ulipata kwamba mambo ya bunduki kwa muvi za PG-13 zenye zinauza zaidi yameongezeka mara tatu na zaidi tangu 1985. Cheki hiyo vizuri. Bunduki zilibaki, zikazaana. Chenye kilitolewa ni uchungu.

Kambwa kalizikwa

Sasa mnajua naenda wapi. John Wick.

Ile ya kwanza, 2014, bibi ya John amekufa na ugonjwa na kabla ya kuaga amemwachia kambwa kadogo, Daisy. Watoto wa mafia wanaingia kejani usiku, wanamtandika, wanadedisha Daisy. Hapo ndipo masonko, makanga na mamathee wote walishika kichwa pamoja. John anachimba shimo kwa yadi, anazika kambwa kake. Kuna kaburi na kuna machozi.

Halafu anaamka na kudedisha wasee 77.

Hao 77 wanaendaga wapi? Muvi yenyewe inakujibu, na inakujibu ikichekelea. John anapiga simu, anaagiza meza ya watu kumi na wawili, na mbogi ya kusafisha inafika na gari. Wanafunga miili kwa plastiki, wanapiga deki, wanalipwa sarafu za dhahabu, wanasepa. Kambwa kamoja kalipata mazishi, wasee kumi na wawili wakapata deki. Na sisi tulicheka, juu ilikuwa imeandikwa vizuri.

Kufika pati 4, 2023, karibu masaa matatu ya muvi, wenye kuhesabu wanasema John peke yake amemaliza 140. Kwa zile ngazi ndefu za Paris anapanda akiua, anabingirishwa hadi chini, anaanza upya, na ukumbi unaangua kicheko. Hakuna mwenye anauliza wale wamelala kwa ngazi walikuwa nani.

Hapa ndio pointi yangu, na naomba mnishikie vizuri. Damu si ndio shida kubwa. Shida ni kifo chenye hakina matanga. First Blood ilikuwa na maiti moja, na ilikuwa nzito. Rambo wa 2008 anamwaga damu mob, na Stallone mwenyewe alitaka dunia ione venye Wakaren wa Burma walikuwa wanateswa. Nia ilikuwa poa. Lakini ile bunduki kubwa ikianza kukata majeshi vipande, ukumbi ulishangilia, Wakaren wakasahaulika. Ukishapita mwili wa ishirini bila jina, ubongo hauskii tena. Unahesabu tu.

Macho huzoea

Kuzoea hakuna uchawi. Ni ka pilipili tu: wiki ya kwanza machozi, mwezi wa pili unaitisha ingine. Mwili unapunguza mshtuko ili usichoke.

Kuna utafiti wa 2014 wenye ulinishtua kuliko muvi yoyote. Wazazi 1,000 Marekani walionyeshwa visehemu vya muvi, vurugu na mapenzi, kimoja baada ya kingine. Baada ya kila kimoja wanaulizwa: mtoi wa miaka mingapi anafaa kucheki hii? Kwa vurugu walianza wakisema karibu 17. Kufika kisehemu cha mwisho walikuwa wameshuka hadi karibu 14. Kikao kimoja! Na hao ni watu wazima, wale ndio tunategemea washike rimoti.

Ingine ni ya Brad Bushman na Craig Anderson, 2009. Walipanga manzi mwenye mguu umefungwa bandeji aangushe mikongojo yake nje ya ukumbi wa sinema, halafu wakahesabu sekunde mpaka mtu amsaidie. Wenye walikuwa wametoka kwa muvi ya vurugu walichukua muda mrefu zaidi, kitu asilimia 26, kuliko wenye walitoka kwa muvi poa. Wakajaribu pia na watu kabla hawajaingia ndani, na hapo hakukuwa na tofauti. Kumaanisha hao si wasee wa roho mbaya waliochagua muvi mbaya. Muvi iliwapunguza kasi.

Sisemi ukicheki Rambo utaenda kupiga mtu ngeta kwa stage. Hizo ni stori za jaba. Nasema sekunde. Zile sekunde chache za kuinama uokote mkongojo wa mtu ndizo zinaliwa.

"Lakini buda, hiyo ni densi"

Najua. Mabeshte wangu wa base washanirushia hiyo. Na wako na pointi. Chad Stahelski, dairekta wa John Wick, alikuwa anamrukia Keanu Reeves zile stanti ngumu wakati wa The Matrix. Hiyo kazi ni ufundi wa miaka, na mtu akicheki kupigana kulikopangwa vizuri anafurahia mwili wa binadamu ukifanya maajabu. Siwezi kataa.

Sitaki pia bodi ya filamu ianze kufunga muvi. Kile kibandiko cha 18 kipo tayari, na sote tunajua mtoi kwa mlango wa kibanda huulizwa mbao, haulizwi kitambulisho.

Halafu cheki venye huku kwetu tumeshapinda hii michezo. DJ Afro, yule wa kusimulia muvi, akishika maiki, yule kijana wa adui mwenye Hollywood ilimnyima hata jina anaweza kupewa jina la mtaa na deni la kodi, na akidedi unacheka juu unamjua. Ama shuka Kampala, mtaa wa Wakaliga, ukutane na Isaac Nabwana. Muvi yake ya 2010, Who Killed Captain Alex?, inasemekana haikufika bajeti ya dola 200. Watu wanaanguka kila kona, damu ni rangi, VJ Emmie anapiga makelele juu ya picha. Lakini soma jina la muvi. Linauliza juu ya mtu mmoja. Ndugu ya Alex anazunguka akitaka kujua nani alimuua, na hadi muvi inaisha hujibiwi. Kwa ile fujo yote, kuna mtu ameachwa na pengo. Hollywood na mamilioni yao wameshindwa na hiyo.

Klipu zenye hazina dairekta

Mbona hii stori si ya muvi pekee? Juu siku hizi skrini ya Rambo na skrini ya ukweli ni simu moja, na kidole cha kupandisha ni kilekile.

Juni 17, 2025, katikati ya tao, mchuuzi wa maski alipigwa risasi kichwani na karao, mchana peupe, kamera zikiona. Akaaga mwisho wa mwezi. Kabla jua lizame klipu ilikuwa kila mahali, na kwa magrupu meseji ya kwanza ya wengi ilikuwa moja: "nani ako na yenye iko klia?" Tulikuwa tunaitisha ubora wa picha. Hapo ndio nilijua mazoezi ya miaka mob yameiva.

Lakini hiyo ni nusu. Nusu ingine ni kwamba tulisimama. Jina lake likajulikana, mathee yake akaskika, watu wakachanga, wakawasha mishumaa. Rudi nyuma pia, Januari 2019, shambulio la DusitD2 pale Riverside: gazeti la New York Times lilipoweka picha ya miili, Wakenya waliwaka mtandaoni, wakauliza kama hilo gazeti lingeweka hivyo maiti za kwao. Watu wamekufa ganzi kabisa hawaulizi hilo swali.

Kwa hivyo roho iko. Na dawa tuko nayo, tumelelewa nayo. Huku mtu hafi na ikaisha. Kuna kesha, kuna kamati, kuna grupu ya michango yenye huwezi toka bila aibu. Hata disko matanga, na makelele yake yote, inaanzanga na jina la marehemu. Hatujui kuaga mtu bila kumtaja, isipokuwa tukiwa mbele ya muvi.

Jaribuni hii wikendi

Hakuna mwenye anakatazwa kucheki. Kwanza, panga muvi vizuri: First Blood Jumamosi, Rambo ya 2008 Jumapili. Die Hard ya kwanza, halafu ya pili. Usingoje mtu akuelezee, skia mwenyewe mwili wako ukitoka kushtuka ukienda kuhesabu.

Pili, credits zikianza, kila msee kwa base ataje majina matatu ya watu wenye wamededi. Si "yule wa ndevu". Majina. Mkishindwa, hamkuwa mnacheki stori, mlikuwa mnacheki mazoezi ya gym.

Tatu, ukiwa na mtoi kando, usifunike macho yake halafu umwachilie risasi zikiisha. Muulize, huyo ameanguka alikuwa na mathee? Nani ataenda kumwambia? Mtoi akijibu, hata kwa mzaha, hapo umefanya matanga madogo na kazi ya studio imeharibika kidogo.

Na mkifika maiti ya kumi bila jina hata moja, zimeni, mtoke mkatafute mutura. Msihurumie muvi. Wale wa pati 5 wamezoea, wataendelea kufa bila nyinyi.